Mwanikaji na Chai ya Mlimani

Watu wa Wingwi, kisiwani Pemba, walimwita kwa kazi yake, nami nitamwita hivyo hivyo: Mwanikaji. Alizaliwa wapi na ukoo wake ulianzia wapi, wapo wanaoweza kueleza vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa jirani yake tu, mwalimu kijana wa skuli, na mlango wangu ulitazamana na sakafu yake ya kuanikia karafuu. Nitaandika niliyoyaona na niliyoyasikia. Pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa, na pahala penyewe ni pengi.

Nianze na pua, kwa sababu kila aliyemjua huanza hapo. Karafuu ikishachumwa na kutenganishwa na vikonyo vyake, huanikwa juani mpaka ikauke sawasawa. Ukiitia gunini ina maji, inaharibika humo humo. Ukiiacha juani kupita kiasi, inakuwa nyepesi na mafuta yanaondoka. Wenye miti michache kwetu walileta karafuu zao kwenye sakafu ya Mwanikaji, na yeye ndiye aliyetoa hukumu. Alichota kiganja, akanusa, akaivunja moja karibu na sikio, kisha akasema "Funga," yaani gunia lifungwe, au akasema "Bado." Hakuwa na neno la tatu. Sikuwahi kumsikia mtu akimbishia, na enzi zile watu walibishana juu ya kila kitu. Siasa ilikuwa imewagawa mpaka kwenye mikahawa, huyu hanywi kwa yule, lakini magunia ya pande zote mbili yalilala ukuta mmoja nyumbani kwake, yakisubiri pua moja.

Pua hiyo hiyo aliitia ugoro kila baada ya sala ya alasiri. Niliwahi kumwuliza kama haogopi kuiharibu.

"Mwalimu," akasema, "weye unasoma kwa macho. Huyafumbi ukalala?"

Sikuona jibu linahusiana vipi na swali, na alikuwa ameshaondoka.

Alikuwa na mambo mengine yasiyokaa pamoja. Alijua ukavu kuliko mtu yeyote, lakini mvua haikumpa taarifa hata siku moja. Wanawake waliokuwa wakigeuza majamvi waliliona wingu kabla yake, wakaanza kukunja, naye akabaki amesimama katikati ya sakafu akiwauliza wanakimbilia wapi. Alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa karafuu. Chai hakunywa. Alikunywa kahawa chungu asubuhi na jioni, na akiona mtu kashika kikombe cha chai ya maziwa alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa.

Ubaya mkubwa kuliko wote, kwake, ulikuwa mpeta. Mpeta ni karafuu iliyolundikwa mbichi ikapata joto. Inavundika, inasinyaa, inapauka, na hata ukiianika baadaye haifai tena. Msimu mmoja, kabla sijahamia pale, kijana mchumaji kutoka bara, Msambaa aitwaye Hoza, alizilundika karafuu zake pembeni akaenda ngomani. Aliporudi tuta lilikuwa limepata joto. Mwanikaji aliingiza mkono ndani yake, akautoa, akanusa. Kisha akalibeba lote na kulimwaga njiani, watu walikanyage.

"Hii si karafuu," alimwambia. "Huu ni uvivu."

Hoza aliondoka msimu ule ule. Nilikisikia kisa hiki kwa watu wengi, na Mwanikaji mwenyewe alipenda kukisimulia. Alikuwa anajivunia.

Sasa nieleze shida iliyompeleka milimani. Shamba lililoko kilimani nyuma ya nyumba yake halikuwa lake. Lilikuwa la mkewe, Bi Zuhura, alilorithi kwa baba yake, na nyumba ile ililishwa na mikarafuu ile zaidi kuliko na sakafu. Miaka ya mwisho ya hamsini mikarafuu hiyo ilianza kufa. Mti ulikuwa na majani leo, na baada ya wiki chache umesimama mkavu kama ufito. Mabwana shamba walikuja, wakatazama, wakakata kipande cha gamba, wakaenda zao. Iliyobaki hai ilikuwa ya kuhesabika.

Bi Zuhura hakuwa mtu wa kulia. Siku moja nilikuwa nimekaa nao barazani, akasema, "Bwana, masika yakija nataka nipande. Nipande nini? Weye ndiye unayewaambia watu funga au bado. Niambie na mie."

Mwanikaji hakujibu. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akiulizwa na akakaa kimya.

Katika msimu ule ule alikuja mchumaji kutoka bara na pakiti ya majani ya chai na salamu za Hoza. Hoza alikuwa sasa nyapara katika kiwanda cha chai, juu kwenye milima ya Usambara, na salamu zake zilikuwa fupi: mwambieni mzee kwamba chai huchumwa mwaka mzima, haina mwaka wa kunyima kama karafuu, na akitaka kuona aje, nitamwonyesha kila kitu. Mwanikaji aliigeuza pakiti mkononi siku nyingi. Sikujua kama Hoza alimwita kwa wema au kwa kisasi. Mpaka leo sijui.

Mimi nilikuwa na likizo, na nilikuwa na binamu Tanga. Bi Zuhura aliniomba nifuatane naye. "Nenda naye, Mwalimu. Pua anayo, lakini njia hajui."

Tulipanda meli Wete, tukashuka Tanga, tukachukua treni mpaka Muheza, na kutoka hapo lori la mbao lililopanda mlima huku likinguruma. Mwanikaji alivaa kanzu, na juu yake koti zito la kuazima ambalo mikono yake ilimfikia kwenye ncha za vidole. Kadiri tulivyopanda alizidi kutoa kichwa nje na kutazama juu. Nilidhani anastaajabia miti. Kumbe alikuwa analitafuta jua.

Hoza alitupokea getini. Alikuwa mtu mzima sasa, mnene, mwenye funguo kiunoni.

"Karibu, mzee. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka. Weye wa lile tuta."

"Ndiye mimi. Siku hizi nalipwa kwa kulundika."

Alicheka sana. Mwanikaji alitabasamu kwa adabu, na nikamwona akijifunga vizuri koti lake.

Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito. Hoza alitupitisha kwenye mashamba, na chai ilikuwa imetandazwa mlimani kama mkeka wa kijani usio na mshono, kila kichaka kimo cha kiuno. Wachumaji walipita katikati na vikapu mgongoni, vidole vyao vikichuma vitawi vya juu tu, majani mawili na chipukizi. Hakuna aliyepanda mti, hakuna aliyevuta tawi.

"Nani kavikata vichwa vichaka hivi?" Mwanikaji aliuliza.

"Sisi wenyewe, mzee. Tukiviacha vinakuwa miti."

"Na mti una ubaya gani?"

Hoza alinitazama mimi, kana kwamba ninaweza kumsaidia. Kwetu mtu akikata kichwa cha mkarafuu ataitwa mbele ya sheha.

"Na jua linatoka saa ngapi hapa?"

"Saa sita, likipenda."

"Mnaanika saa ngapi basi?"

"Hatuaniki, mzee."

Mwanikaji alisimama njiani. Wachumaji wawili wenye vikapu vizito ilibidi wampishe kwa kupita ndani ya vichaka.

Kiwandani niliandika kila hatua, kwa sababu niliahidi kumweleza Bi Zuhura. Ghorofani majani mabichi yalitandazwa juu ya nguo za magunia, yakapulizwa hewa mpaka yakalegea kama kitambaa. Kisha yaliteremshwa kwenye mashine iliyoyabana na kuyasokota mpaka yakatoa maji ya kijani. Mpaka hapo Mwanikaji alikuwa mtulivu. Alishika jani lililolegea, akalinusa, akalirudisha pahala pake kwa uangalifu, kama mgeni anayerudisha kikombe cha watu.

Kisha Hoza alifungua mlango wa chumba chake mwenyewe. Kilikuwa cha baridi, chenye giza kidogo, na nguo mbichi zimetundikwa ili hewa isikauke. Sakafuni majani yaliyosokotwa yalilala kwa unene, yametulia, mengine ya kijani bado, mengine yameshageuka rangi ya shaba.

Mwanikaji alivua viatu. Kabla mtu hajasema neno alikuwa ameshapiga magoti, na mikono yake ikaanza kuyatandaza majani yawe membamba, haraka, kama wingu limetokea.

Hoza alimshika kifundo cha mkono. "Mzee, usiyatawanye."

"Yanapata joto."

"Ndivyo tunavyotaka."

"Yataoza, mwanangu."

"Yatageuka."

"Kuna tofauti gani?"

Hoza alifikiri. Nilimheshimu kwa kufikiri kwake. "Tofauti ni kujua wakati wa kuyasimamisha," alisema. "Yakigeuka kiasi, tunayatia kwenye moto yakauke, yanasimama hapo hapo. Ukiwahi, chai ni majani. Ukichelewa, ni takataka. Mimi hutumia pua. Nilifundishwa na mtu mmoja Pemba."

Alisema hivyo bila kucheka. Kisha alichota kiganja cha majani ya rangi ya shaba, akamsogezea. "Haya, mzee. Yako tayari?"

Mwanikaji alinusa. Harufu ilijaa chumba kizima, tamu kama ya ndizi zilizovundikwa shimoni. Nilimngoja aseme "Funga" au "Bado." Alinusa tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza watu wawili wakisema kwa pamoja. Mwisho alimrudishia Hoza majani yake.

Tulipewa chai mezani, nyeusi, kila kikombe na kijiko chake. Yeye asiyekunywa chai alikunywa. Alikunywa mpaka chini, akakiinua kikombe akatazama ndani. Ilikuwa nzuri. Laiti ingekuwa mbaya, nadhani tungerudi nyumbani vile tulivyokwenda.

Kwenye meli tukirudi alisimama ukingoni mpaka kisiwa kikaanza kuonekana. Hapo akasema, "Mwalimu, lile tuta la Hoza nililolimwaga."

"Ndiyo."

"Pengine nililimwaga mapema."

Nilimwambia karafuu si chai. Alinijibu kwamba hilo nalijua mimi niliyefundishwa, lakini yeye aliyefundishwa kwa pua atajuaje?

Nimesema hakuwa na neno la tatu. Msimu uliofuata alilipata. Mama mmoja mjane alimletea kiganja cha karafuu zake, akasubiri. Mwanikaji akanusa, akavunja moja, akavunja nyingine.

"Nifunge?"

"Sijui, mwanangu."

Yule mama alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona Mwanikaji hacheki alichukua jamvi lake akaondoka nalo, na alipokwenda wengine walimfuata. Watu hawakuwa na ubaya naye. Walikuwa na hofu. Mwaka mzima wa nyumba ulikuwa ndani ya yale magunia, na hukumu ilikuwa imetoka kwa mtu mmoja kwa muda mrefu hivi kwamba hakuna aliyejifunza kuitoa mwenyewe. Barazani vijana walianza.

"Yakhe, kaenda bara na pua, karudi na koti."

"Koti lenyewe la kuazima."

Alisikia. Hakugeuka.

Na Bi Zuhura alikuwa bado anangoja jibu lake. Alimwuliza tena mbele yangu, kwa upole: mikarafuu mingine, au hiyo chai? Mwanikaji alikuwa amerudi na mbegu chache za chai kwenye leso, na alikuwa amezipanda nyuma ya jiko, mbali na macho ya watu. Lakini jibu hakulitoa. Alisema kwanza lazima ajue jambo moja.

Jambo lenyewe tuliliona baadaye. Mikarafuu ya Bi Zuhura iliyobaki ilizaa kidogo msimu ule, mavuno ambayo zamani yasingejaza pembe ya sakafu. Mwanikaji aliyachukua yote, akayalundika chumbani, akayafunika na gunia bichi, akakaa pembeni yake. Alikuwa anautafuta ule wakati wa Hoza. Kama majani yana wakati kati ya kugeuka na kuoza, kwa nini karafuu isiwe nao, na kwa nini watu wote hawa hawakuwahi kuungoja?

Aliniita ninuse. "Sasa je?"

Nilinusa. Ilikuwa harufu tamu, ya matunda, na sikujua inamaanisha nini. Nilimwambia hivyo. Alinitazama kwa shukrani ambayo sikuistahili, kisha akalirudisha gunia pahala pake. Siku iliyofuata harufu ilikuwa ya uchachu. Alipofunua, karafuu zilikuwa zimepauka na kusinyaa, mpeta kamili, mpeta kuliko ule wa Hoza.

Nilidhani Bi Zuhura atapiga kelele. Zile zilikuwa karafuu za baba yake, za mwisho. Alizitazama. Alileta jamvi, akazibeba nje mwenyewe, akazianika katikati ya sakafu, mahali ambapo kila apitaye njiani angeziona.

"Bi Zuhura," Mwanikaji alisema, "zitupe."

"Zitaanikwa kama nyingine. Sitaki watu waseme mume wangu kaficha kitu chumbani."

Akamletea kigoda. Mwanikaji alikaa pembeni ya mpeta ule mchana kutwa, kanzu safi, kofia kichwani, akiugeuza kwa mkono kila baada ya muda, ilivyo desturi. Watu walipita na kumsalimu. Hakuna aliyecheka. Sijaelewa mpaka leo kama mkewe alikuwa anamwadhibu au anamkinga, na nilipomwuliza Bi Zuhura miaka ile ile alisema, "Kwani lazima iwe kimoja?"

Baada ya hapo nilihamishiwa skuli moja Unguja. Habari zao zilinifikia kwa vipande visivyoungana. Mmoja alisema Mwanikaji ameacha kazi. Mwingine alisema sakafu imejaa majamvi kuliko zamani. Mwingine aliapa kwamba amemwona na makasi akikata vichwa vya miti.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa mapema miaka ya sitini. Nilifika mchana. Vyote nilivyoambiwa vilikuwa na ukweli kidogo, na ndiyo maana sikuelewa nilichokuwa nakiona. Kilimani, katikati ya visiki, miche ya mikarafuu ilikuwa imefika kifuani. Nyuma ya jiko palikuwa na safu fupi ya vichaka vya chai, vimekatwa vizuri kimo cha kiuno. Sakafuni palikuwa na majamvi machache, na mama yule mjane alikuwa ameinama juu ya mojawapo.

Nilimwuliza Bi Zuhura kama hatimaye alijibiwa.

"Nilimwuliza, nikamwona anafikiri," alisema. "Nikachimba mashimo. Mikarafuu nikapanda mie, wakati yeye anafikiri."

"Na chai?"

"Hiyo ya kwake. Subiri utaona. Ukicheka, utatoka nje."

Mwanikaji alikuwa amezeeka, na ugoro aliuacha. Tulisalimiana kwa muda mrefu. Akaniuliza habari za Unguja, nikamweleza, akasahau nilichomweleza, akaniuliza tena. Kisha Bi Zuhura alileta sinia la majani aliyoyasugua kwa viganja mpaka yakatoa maji, akaliweka kwenye kivuli cha jiko na kulifunika kwa kitambaa kibichi. Mwanikaji alichukua kigoda chake, akakigeuza, akakaa akiwapa mgongo mkewe na sinia lake, uso ukutani.

Nilimtazama Bi Zuhura. Alinionyesha kwa kidole nisiseme.

"Hawezi kuyaangalia," alinong'ona. "Akiyaangalia, mikono inakwenda kuyatandaza."

Tulikaa. Kuku waliingia na kutoka. Mama mjane alikuja mlangoni na kiganja cha karafuu, na Mwanikaji, bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma, akapokea, akanusa, akavunja moja karibu na sikio. "Funga," alisema, na yule mama akaenda zake kufunga. Harufu ya sinia ilianza kubadilika. Ilikuwa ya majani, ikawa ya kitu kingine, ikaanza kuwa tamu.

"Bwana?" Bi Zuhura aliuliza.

"Bado."

Ukuta aliokuwa akiutazama haukuwa na kitu, isipokuwa ufa na mjusi. Niliona mabega yake yamekazana kama ya mtu aliyebeba mzigo.

"Imeanza kuoza," alisema. Kisha, baada ya kitambo, "Inaoza." Kisha akainua kidole kimoja. "Haya. Ondoa."

Bi Zuhura alikuwa ameshashika sinia. Majani yaliingia kwenye sufuria pana juu ya makaa, akayageuza haraka kwa mwiko, na moshi mwembamba ukapanda. Baadaye alitupatia chai kwenye vikombe vidogo vya kahawa, kwa sababu vingine hawakuwa navyo. Ilikuwa nyeusi yenye wekundu, na nzuri, karibu sawa na ile ya mlimani. Mwanikaji alikunywa yake taratibu, bado amekaa vile vile, akiwa ametugeuzia mgongo.

"Kwa hiyo umeelewa," nilimwambia. "Ule wakati wa Hoza."

Alinusa kikombe kitupu, akampa mkewe akijaze.

"Pua imeelewa, Mwalimu," alisema. "Mie bado."